Jiliwa Kwenye Meza ya Marehemu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, shemeji yangu Nyaga alipoingia uani kwetu Karurumo amebeba jiliwa begani, kile chuma kizito cha kubana mbao ambacho mafundi wetu hukiita vaisi. Mume wangu hakuwa amekaa sana kaburini. Nilikuwa na umri kama wako, na sikumwamini mtu yeyote aliyejiita ndugu wa marehemu.

Usinione mbaya. Baada ya matanga baiskeli iliondoka. Kisha koti, kisha msumeno mkubwa, kila kimoja kikisemekana kimeazimwa tu. Ilibaki meza ya kazi, ya mbao nene za muringa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuibeba peke yake. Meza hiyo ndiyo ilitupa unga. Mume wangu alipougua kifua alikuwa akikaa hapo kando, ananifundisha kupiga randa huku akinishikia mbao upande wa pili. Sasa mshikaji hakuwepo. Nikisukuma randa, mbao inateleza na kuanguka. Fremu za milango zilichelewa, na wenye nyumba wakaanza kuulizia fundi mwingine.

Basi Nyaga akatua chuma chake. "Nataka kufunga hii kwa meza."

"Kwa meza ya nani?"

"Si hii hapa."

"Nimekuuliza ni ya nani, shemeji."

Akatabasamu kidogo, akaingia chini ya meza na penseli yake.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya mjane yalipungua zaidi. Aliacha mlango wazi ili wapita njia waone hakuna kinachofichwa. Mimi hata mlango huo niliushuku. Niliona anajitafutia mashahidi. Nikasimama nimekunja mikono, namchunga. Aliweka kipande kinene cha mti chini ya meza ili jiliwa likae chini kidogo ya uso wa meza, randa isije ikagonga chuma. Akafunika midomo ya jiliwa kwa vipande vya mbao laini ili chuma kisiache alama kwenye kazi. Kisha akaitoboa meza ya mume wangu, kutoka juu hadi chini. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Unajua desturi yetu. Ukimwazima mtu shamba, analima mahindi na maharagwe. Siku akipanda kahawa, amekwambia kwamba hatoki.

"Shemeji," nikasema, "kitu cha watu hakitobolewi. Hizi bolti zako ni maharagwe ama ni kahawa?"

Mama Muriithi, jirani yangu aliyekuja kuchukua kigoda chake, akaangua kicheko. "Mama Wawira, hapo umepandiwa! Leo ni bolti, kesho ni kufuli."

Nyaga hakucheka. Alikaza bolti ya mwisho, akapangusa mikono kwa suruali, akaweka spana mbele yangu.

"Ni kahawa," akasema. "Lakini si yangu. Usipoitaka, ng'oa."

Akaenda bila kunywa chai.

Si yake? Ni ya nani basi? Niliamua moja kwa moja kwamba ametumwa na kaka mkubwa wa marehemu, aje kuitwaa meza. Kulipokucha nikachukua spana, nikapiga magoti chini ya meza. Bolti zilikuwa zimekazwa sana, nikainuka nipumzike kidogo. Ndipo nikaona upande lilikofungwa jiliwa.

Mafundi wote niliowajua, Nyaga akiwemo, husukuma randa kwa mkono wa kulia, na jiliwa lao hufungwa mwisho wa kushoto wa meza, kule randa inakoelekea. Hili lilikuwa mwisho wa kulia. Kwake lingekuwa kikwazo tu. Mtu wa mkono wa kushoto ni mimi, mwanangu, unanionaga hata nikikata sukuma. Bila shaka siku fulani alinipita nikihangaika na mbao, akauona mkono wangu.

Nikabana mbao, nikasukuma randa. Mbao haikusogea hata kidogo. Maranda yakatoka marefu, yakaniangukia miguuni, nami nikalia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi.

Nilimpelekea chai kwake. Nikamwambia nimemkosea.

"Hapana," akasema. "Baiskeli si ilienda kweli?"

Tumemzika Nyaga juzi. Mbao za jeneza lake nilizibana kwenye jiliwa hilo hilo, nikazipiga randa mwenyewe, polepole, kwa mikono hii iliyozeeka.

Sasa nisikilize. Sitakwambia umwamini kila anayeingia uani kwako. Uliza ni ya nani, na uulize kwa sauti, kwa maana baiskeli huenda kweli. Lakini kabla hujang'oa alichokifunga mtu, simama mahali pa kazi, ukishike kwa mkono wako, uone kimetengenezewa nani. Usiishie kusikiliza jirani, wala hasira yako.

Mungu akulindie kilicho chako, mwanangu. Akujalie hata mtu mmoja anayejua mkono unaotumia, na akupe macho ya kumwona kabla hajaondoka, chai yake ikiwa bado ya moto.