Ole Wako Umwamkie Balozi

Mwanangu Zuhura ukimwamrisha jambo, hata kula tu, hutetemeka na kukimbilia uvunguni mwa kitanda. Majirani hapa Temeke husema nimemdekeza, hawajui ninavyolia. Mie, mjanja, nikagundua dawa: ninachotaka afanye namkataza, naye hukifanya huku akicheka.

Juzi balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anagawa sukari ya mgao, na mtoto asiyetoa shikamoo humuudhi sana. Zamu yetu ilipofika, nikamwonya Zuhura kwa sauti iliyonizidi, "Ole wako umwamkie balozi!"

Foleni nzima ikanigeukia. Balozi akaweka kikombe chini. "Mama Zuhura, nimekukosea nini?"

Nikamtazama mwanangu aniokoe. Akafumba mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanitii.