Seli Tulizozinyoa

Laiti ningemkatalia Afisa Utawala siku aliponiita ofisini kwake na kunipa ufunguo wa stoo. Niliupokea kabla chai yake haijapoa. Ili ninyi vijana muelewe nilichokiacha, nianze na siku niliyoingia maabara, maana ilikuwa kazi tamu.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikaajiriwa kuosha vyombo katika maabara moja ya utafiti wa malaria hapa Kisumu. Msimamizi wa Maabara alikuwa mzee wa Kisikh aliyezaliwa mjini humu, mwenye Dholuo safi kuliko yangu. Asubuhi hiyo alinikuta nimeikodolea macho sentrifuji, mashine inayozungusha damu kwa kasi mpaka seli nyekundu zikae chini na maji yake yabaki juu.

"Omera, ndugu yangu, unaogopa?"

"Hapana, Bwana Msimamizi."

"Basi ogopa kidogo. Hiyo si mashine ya kusaga posho. Usiposawazisha mirija pande zote, itatembea mpaka mtaa wa Mamboleo."

Nilicheka, naye akacheka zaidi. Kutoka kwenye sinki alinipandisha polepole, kwa miaka kadhaa, hadi kwenye hadubini.

Kisha akaja Daktari Mkuu, mama mfupi mwenye haraka, akatuletea swali lake. Alitueleza kwamba seli za mwili zimevikwa minyororo mifupi ya sukari, na kwenye ncha za minyororo hiyo mara nyingi hukaa sukari ya namna yake iitwayo asidi sialiki. Ndiyo inayofanya seli nyekundu zisukumane badala ya kugandana, zikapita vizuri mishipani. Hata maziwa ya mama yanayo. Lakini virusi vya mafua huishika ili kuingia kwenye seli za koo na mapafu, na vimelea wengi wa malaria huishika ili kuingia kwenye seli nyekundu.

"Yaani Daktari, tunashikwa kwa kitu chetu wenyewe?" aliuliza Atieno, mwenzangu wa meza moja.

"Ndiyo. Sasa mimi nataka kujua: wakikosa hapo pa kushika, watafanya nini?"

Kazi ya kuwanyima ilikuwa yangu. Tulitoa damu yetu wenyewe, kwa hiari, tukaigawa mirija miwili. Mmoja niliuacha vilevile. Mwingine niliutia kimeng'enya, kitu kinachokata ile sukari ya nchani na kuacha seli nzima. Sisi tuliita kunyoa. Baada ya hapo niliosha seli tena na tena, kwa sababu kimeng'enya kikibaki kinaharibu jibu. Ndipo tulipoweka vimelea, tukasubiri siku mbili, tukatazama kwenye hadubini walioingia.

"Kinyozi, leo unanyoa nani?" Msimamizi aliuliza kila alipopita mlangoni.

"Wewe, Bwana. Lete mkono."

"Mimi dini yangu hainyoi."

"Nywele hatutagusa. Ni seli tu."

Na alikuwa akikunja shati na kuutoa mkono.

Wiki baada ya wiki, vimelea walishindwa kuingia kwenye seli zilizonyolewa. Halafu ikaja damu ya mtoto mmoja kutoka zahanati upande wa Awasi. Mtoto mwenyewe alipona. Vimelea wake niliwaweka kama kawaida, na nilipotazama, nilidhani nimechanganya mirija. Walikuwa wamejaa kwenye seli zilizonyolewa. Nilirudia kwa seli mpya, ikawa vilevile. Atieno akatazama, akaniangalia, akatazama tena. Daktari Mkuu alikuja mbio na kiatu kimoja mkononi.

"Wana mlango mwingine," alisema. "Mnaona? Chanjo ikifunga mlango mmoja tu, hawa watapita wa pili."

Msimamizi alianza kupiga makofi, na tukacheza pale katikati ya meza, watu wazima na makoti yao meupe, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna harusi.

Wiki ileile Daktari aliniita. Alikuwa amenipatia nafasi ya mafunzo chuoni. "Ukirudi, kutafuta huo mlango wa pili ni kazi yako," alisema. Sikulala vizuri. Niliwaza kukaa na vijana wadogo na kufeli kemia mbele yao. Afisa Utawala aliponipa stoo, pamoja na cheo na meza yangu mwenyewe, niliona nimeokolewa. Nilimdanganya Daktari kwamba macho yangu yamechoka.

"Macho yako? Sawa, Mzee. Nitamwambia Atieno."

Nilikuwa sijawa mzee.

Niligawa glavu na pamba hadi nilipostaafu, na sikulalamika, kwa sababu niliyechagua ni mimi. Atieno alienda, akarudi, akaitafuta ile njia ya pili kwa miaka mingi. Bado hunitembelea nyumbani kwangu Kaloleni, tunakunywa chai na kucheka sana juu ya siku zile. Akinieleza alikofika, hufurahi mpaka anasahau chai. Mimi huitikia kwa kichwa. Nusu ya anayosema siielewi, na ningeielewa kama ningeenda mimi. Ule ufunguo ulinigharimu kazi niliyoipenda kuliko zote, na swali lililokuwa liwe langu.