Nilisema Wanawake Hawapigani

Msinionee huruma. Nilikosa nikiwa na akili zangu timamu, sikudanganywa na mtu, wala shetani sikumwona. Kijana wa watu alipoteza jicho kwa sababu yangu, na mpaka leo Garissa nzima inadhani kosa ni la kaka yangu.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, kambi za Dadaab zikiwa bado changa. Shule zimefungwa, joto linaua, hakuna cha kufanya. Sisi vijana wa mtaa mmoja, mabinamu na majirani, tukaunda dola yetu ya mchezo kwenye bohari tupu la mjomba wangu. Tulikuwa na sultani, mawaziri, askari na sheria zetu. Mle ndani ilikuwa Kiswahili tu, kama kortini. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mdomo, nikapewa ukadhi. Ndiyo, msichana! Kichwa kilinivimba, jamani!

Mtu akitukanwa mbele ya baraza, aliweza kudai pambano la heshima. Mnapigana kwa fimbo za kuchungia ngamia, mapigo chini ya mabega, anayeangusha fimbo ameshindwa. Wavulana walipigana, wakacheka, wakanywa chai pamoja.

Halafu akaja Sahra. Familia yake ilikuwa imetoka kambini, wakapanga chumba nyuma ya kwetu. Alikuwa amechunga ngamia tangu utotoni, ana mikono ya nguvu, tena ana kicheko kinachovuta watu. Haukupita muda, sultani akaanza kusema atamfanya waziri. Roho iliniuma. Nilimchukia, sifichi.

Siku moja nikamwambia mbele ya wote, "Waziri gani huyu? Kwao wanapanga foleni ya unga wa msaada. Baba yake hata akitukanwa husema asante." Watu wakacheka. Nami nikacheka, huku nimemkazia macho nione tusi linavyomwingia.

Sahra hakulia. Alikwenda kwenye kona akachukua fimbo. "Nataka heshima ya baba yangu. Wewe na mimi. Saa hii!"

Angeniponda, na kila mtu alijua. Sultani akakuna kichwa. Je, wanawake wanaruhusiwa kupigana? Hatukuwa na sheria hiyo. Wengine wakasema waache, ni mchezo tu. Wengine wakasema ni aibu. Mwishowe wote wakanigeukia mimi, kadhi.

Nikajifanya nafikiri. Kisha nikatoa hukumu kwa sauti nzito: wanawake hawapigani. Heshima ya mwanamke hubebwa na kaka yake. Basi kaka yangu atapigana na kaka yake.

Kaka yangu Bashir alikuwa anabeba magunia sokoni, mgongo kama ukuta. Yunis, kaka yake Sahra, alikuwa mwembamba, kifua kibovu, anajifunza kutengeneza saa kwenye duka la jamaa yao. Wote wawili walikuwamo barazani, na nilijua hayo yote kabla sijafungua mdomo.

"Abaayo," Sahra akaniambia. Ndivyo tunavyoitana sisi Wasomali, dada kwa dada. Kiswahili chake cha kambini kiligeuza p kuwa b na v kuwa f. "Wewe umetukana mimi, si Yunis. Kwa nini abigwe yeye? Hii fita ni yangu."

"Sheria ni sheria," nikasema.

Akamwomba sultani. Akamwomba Bashir. Bashir mwenyewe akaninong'oneza, "Wallahi huyu nitamuumiza. Futa hii maneno." Nikamuuliza kama anaogopa. Nilijua dawa yake! Na Yunis naye, mbele ya watu wote wale, angekataa vipi? Akavua shati, mbavu zikaonekana, watu wakacheka tena.

Mapigo ya mwanzo aliyavumilia. Kisha Bashir akalenga mkono, na wakati huohuo Yunis akainama kukohoa. Ncha ya fimbo ikaingia jichoni.

Ukelele wa Sahra bado nausikia. Lakini nitawaambia lililo baya kuliko hilo. Yunis alipoanguka, kabla sijaona damu, nilifurahi. Nilisema moyoni, tumeshinda!

Jicho halikupona, na kazi ya saa ikaishia hapo. Wazee wa pande mbili wakakaa, wanaume peke yao, wakapatana fidia, wakasoma fatiha, wakaondoka. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyetoa hukumu ile. Bashir alibeba yote, hata kwa mama yetu hakunitaja. Akahamia Takaba, mbali kaskazini, kuuza mbuzi, na hajarudi. Na mimi? Nilinyamaza! Nikaacha kaka yangu aitwe mtoboa macho, nikaolewa, nikanenepa.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Nikamfuata Sahra sokoni, kwenye meza yake ya maziwa ya ngamia. Yunis alikuwa nyuma yake akisuuza madumu, akageuza shingo nzima ili anione. Nikamwambia Sahra nimekuja kuomba msamaha, kosa ni langu, si la Bashir. Nililia mbele ya wateja, sikujali.

Yeye aliendelea kupima maziwa. "Ambia Bashir akuje aombe," akasema. "Wewe mwanamke. Heshima yako inabebwa na kaka yako."

Nikamshika mkono. Akautoa polepole.

"Sheria ni sheria, abaayo. Toka mbele ya meza, watu wanangoja."

Nyinyi mnaosoma haya, kama mna ulimi mkali, lipieni wenyewe. Mkimtukana mtu, simameni mpigwe nyinyi, msimsukume mwingine mbele yenu. Fimbo ya Sahra ingenivimbisha mikono, ningelia, ningepona. Ole wangu, ningekuwa nimeshasahau!

Nilimpa dereva wa lori la Takaba ujumbe, ampelekee Bashir: tafadhali njoo uniombee msamaha. Lori limesharudi. Dereva anasema Bashir alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuwanywesha mbuzi wake maji.