Sahani ya Shamba, Kazi ya Kiti

Ipo siku naikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu. Mume wangu Severini, huyu huyu mzee unayemwona anakatia michongoma hapo nje, alirudi kutoka kupima afya hospitali amenuna, hata shikamoo ya mama yake aliitolea puani. Tulikuwa vijana bado, tunakaa kwa mama mkwe, mtaa wa Viwanja Sitini. Yeye alikuwa mhasibu kwenye ofisi ya mashine ya kukoboa mpunga, asubuhi mpaka jioni yuko mbele ya kompyuta.

"Daktari amesemaje?" nikamuuliza.

"Eti ini langu lina mafuta. Mimi! Mtu nisiyejua hata ladha ya pombe!"

Hilo ndilo lililomuuma. Kwetu ukisikia fulani anaumwa ini, watu wanakwambia mlevi huyo, na yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya parokiani. Daktari alimweleza vizuri tu kwamba si pombe peke yake. Kukaa kutwa na kula kupita kiasi nako kunajaza mafuta kwenye ini, na akiendelea hivyo litakuja kuharibika kabisa. Hakutaka kusikia. Mimi niliogopa, maana binti yetu Imakulata alikuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Jioni ile nikampakulia kama kawaida: wali umejaa sahani, samaki wa kuunga, soda pembeni. Mama mkwe, Mpogoro wa Mahenge asiyependa maneno mengi, akaivuta ile sahani upande wake.

"Severini, leo umelima wapi?"

"Mama, si nilikuwa ofisini?"

"Sasa mbona unakula chakula cha mtu aliyetoka kulima? Baba yako alikula hivi, lakini alikuwa anatoka Katindiuka na tope mpaka magotini."

Jamani, nilicheka, nikajifanya nakohoa. Lakini mama hakuwa na utani. Mpunga wetu kule Katindiuka ulikuwa umeanza kukomaa, na tangu apate kazi, Severini alikuwa anaweka kibarua wa kuamia ndege badala yake.

"Mwaka huu hakuna kibarua," mama akasema. "Kukufukuzia ndege anaweza. Kutembea kwa niaba yako hawezi."

Ubishi ulikuwepo, usiseme! Mhasibu mzima aonekane shambani anapiga madebe na kuzomea kwelea! Lakini alienda. Alfajiri anaondoka kwa miguu, anaamia, anarudi kuoga na kuwahi kazini. Jumamosi anashinda huko huko. Chakula mama akampakulia mwenyewe: wali kidogo, matembele mengi, samaki, na maji. Rafiki yake wa ofisini akamletea chupa ya mizizi, eti inasafisha ini. Nashukuru alimuuliza daktari kwanza, akaambiwa asiiguse, dawa za namna hiyo zinaweza kuliumiza zaidi.

Mpunga ulivunwa, yeye hakuacha kutembea. Alipopimwa tena akaambiwa mafuta yamepungua sana. Alinijia jikoni akaninyanyua na mwiko wangu mkononi, nikalia kwa furaha mbele ya mama mkwe bila hata aibu.

Sasa wewe, mwanangu, unashinda kwenye kiti mpaka kinakuzoea. Inuka, hata kama ni kwenda kuchota maji ya kunywa. Ofisini nenda kwa miguu, bodaboda hawatalala njaa kwa ajili yako. Kula kwa kazi uliyofanya leo, siyo kwa kazi waliyofanya wazazi wako. Soda iwe ya sikukuu, pombe iache, na ukienda hospitali ulizia chanjo ya homa ya ini. Usingoje maumivu ndipo ukapime, kwa sababu Severini hakuumwa popote. Siku ile aliyorudi na majibu amenuna, alikuwa anajiona mzima kama wewe hapo.

Haya, Mungu akuzeeshe na mwenzako kama alivyotuzeesha sisi, na siku wajukuu wakikukimbia, uwe na pumzi ya kuwakamata.