Breki za Kuteremkia Wundanyi

Nisikilize polepole, hata kama hujawahi kufungua gurudumu la gari maishani mwako. Nitakueleza kidogo kidogo, na ukifika mwisho utajua mengi kuliko niliyoyajua mimi mwaka ule mume wangu alipofariki. Usiogope majina ya vyuma. Kuna diski, ambayo ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu la mbele. Kuna pedi mbili, moja kila upande wa diski, na ukikanyaga breki zinaibana ile sahani mpaka gari lipunguze mwendo. Ni hivyo tu. Mengine yote yanatokana na hayo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati moja mjini Voi, naye mume wangu alikuwa karani. Nyumba yetu ilikuwa juu milimani, upande wa Wundanyi, na kila siku ya kazi tulishuka pamoja asubuhi na kupanda pamoja jioni, kwa gari letu dogo jeupe la aina ya saluni. Aliugua kifua, akalazwa, akafa. Gari likabaki Voi, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, mpaka vumbi jekundu likaficha rangi yake.

Matanga yalipoisha, ndugu zake walikaa kuzungumza. Shamba halikuwa na ubishi. Lilibaki gari. Kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa dereva wa lori la mkonge huko Mwatate, alisema liuzwe.

"Shemeji, breki za gari hilo zimekwisha, na barabara yetu unaijua. Mimi sitaki kuzika mara ya pili."

Mama mkwe akamuuliza, "Sasa huyu atafikaje kazini?"

"Apange chumba Voi. Awe anakuja Jumamosi. Watoto si wako na wewe hapa, mama?"

Nilikuwa nimeketi mkekani na mtoto wangu mdogo amelala mapajani. Niliyasikia maneno hayo kama ya watu wanaozungumza juu ya mwanamke mwingine, wa nyumba nyingine. Nilijua kwamba wanaamua kama nitalala na watoto wangu au nitalala peke yangu chini kwenye joto. Nililijua jambo hilo vile mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Halikuniuma. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Na breki zikitengenezwa?"

"Zikitengenezwa nani ataendesha?"

"Mimi. Leseni ninayo."

"Leseni ya Voi hiyo!" binamu mmoja akasema. "Voi barabara ni kama meza. Hata mbuzi anaweza kuendesha." Watu wakacheka, kile kicheko cha chini cha watu waliochoka na msiba.

Shemeji hakucheka. "Basi tufanye hivi. Litengeneze, halafu unishushe mimi mwenyewe mpaka Mwatate. Nikifika nimekaa kwenye kiti kama mtu, gari ni lako. Nikifika nimeng'ang'ania dashibodi, linauzwa siku hiyo hiyo."

Nikakubali. Ningekubali lolote siku hizo, maana kukataa kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo.

Sasa nikueleze breki zile zilikuwa na nini. Magari ya mashindano yalikuwa yakipita kwetu wakati wa Pasaka, na mafundi wao walipiga kambi karibu na kituo cha petroli. Wakiondoka waliacha vitu, na watu wa Voi na Mwatate tulikuwa na wazimu wa vitu hivyo. Niliwahi kuona baiskeli imefungwa taa kubwa ya gari la mashindano, isiyowaka. Mtu akikuambia kitu fulani ni cha mashindano, hakukuwa na sifa nyingine ya kuongeza. Mwaka mmoja shemeji alipata maboksi mawili ya pedi kutoka kambi hiyo, za gari la aina yetu kabisa. Boksi moja akampa mdogo wake, yaani mume wangu. La pili akaliweka chini ya kitanda.

Tangu zifungwe pedi hizo, gari lilikuwa na tabia mpya. Asubuhi, kwenye kona ya kwanza, lilikuwa halishiki. Mume wangu alitoka nyumbani akiwa amekanyaga breki kidogo kidogo tangu langoni. "Lazima ziamke kwanza," alikuwa akiniambia. Jioni lilipiga mlio, watoto wakatujua tukiwa bado mbali. Miezi ya mwisho mlio ukawa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, lakini kufikia hapo kifua chake kilikuwa kimeanza, na hakuna aliyekuwa akifikiria gari.

Fundi niliyempata alikuwa mtu wa kutoka magharibi mwa nchi aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya reli, na jioni alitengeneza magari chini ya mti wa mjohoro nyuma ya nyumba yake. Alinijua kwa sababu nilimchoma sindano mke wake. Alitoa gurudumu, akaniita.

"Sista, njoo uone. Weka ukucha hapa katikati, uvute mpaka ukingoni."

Nikavuta. Ukucha ukaingia kwenye mfereji, ukatoka, ukaingia mwingine. Ukingoni kabisa ukagonga ukuta mdogo wa chuma. Nawe fanya hivyo siku ukifungua gari lako, ni rahisi. Ukuta ule ni unene wa zamani wa diski, mahali pedi hazifiki. Huko ndani ni pale zilipokula. Linganisha tu kwa kidole. Kisha tazama rangi. Diski isiyo na hitilafu hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Yetu ilikuwa na mabaka ya samawati, na ukingoni ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Samawati ni alama ya moto uliozidi. Ufa hauna dawa.

"Nani aliweka pedi hizi?" fundi akauliza.

"Mume wangu."

Akafuta mikono.

"Unaweza kuikereza?" nikamuuliza, kwa sababu nilijua karakana ya reli ina mashine ya kukereza vyuma.

"Naweza. Lakini kukereza ni kupunguza. Hii imeshapungua. Diski nyembamba inapata moto haraka, inapinda, na mguu wako utatetemeka kwenye breki kama una malaria. Hata kama ingekuwa nene, sikerezi penye ufa."

Kwa hivyo diski mpya, na ziwe mbili, hata kama moja ndiyo iliyoharibika zaidi. Ukibadilisha upande mmoja, upande huo utashika vizuri kuliko mwenzake, na gari litakuvuta pembeni siku ambayo hutaki kuvutwa. Duka la spea la Voi halikuwa nazo. Ziliagizwa Mombasa, zikaja na basi, zimefungwa kwa magazeti na kupakwa grisi.

Pedi ndizo zilizoleta maneno. Shemeji alishuka kutoka Mwatate na lile boksi la pili kwapani, amevaa kofia yake ya kazi. Alifurahi kabisa. Alikuwa ameleta kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Haya, fundi. Funga hizi. Kama zilisimamisha magari yale, zitashindwa na kigari hiki?"

Fundi akanitazama. Gari lilikuwa langu, au lilikuwa linataka kuwa langu, na jibu lilikuwa langu pia. Nilikuwa na pedi nyingine mkononi, za kawaida, nilizochukua dukani.

"Shemeji," nikasema, "gari la mashindano likifika kwenye kona, breki zake zikoje?"

"Moto! Usiku zinawaka nyekundu, nimeona kwa macho yangu."

"Na langu likitoka nyumbani saa kumi na mbili, na ukungu ule?"

"Baridi, bila shaka."

"Basi hizo zimetengenezwa kushika zikiwa moto. Zikiwa baridi zinateleza, na zinakwangua diski. Kona yangu ya kwanza iko karibu na mlango wa nyumba."

Akageuza boksi, akalitazama upande wa pili kana kwamba kuna jibu huko. "Hizo zako ni laini. Zitakwisha haraka."

"Zitakwisha."

"Utabadilisha tena na tena."

"Nitabadilisha."

"Na zinatoa vumbi, rimu zote zitakuwa nyeusi."

"Vumbi? Voi?" fundi akasema, akanyoosha mkono kuonyesha mji mzima.

Shemeji akacheka bila kutaka, akarudisha boksi kwapani. Nilijua nimemkatalia zawadi mbele ya mtu mwingine, tena zawadi ileile aliyompa marehemu. Siku nyingine ningeona aibu. Siku hiyo niliona tu kwamba pedi ziko mkononi mwangu na mkono ni wangu.

Fundi alinipa kazi ya kusafisha diski mpya. Grisi ile ya dukani lazima itoke yote, kwa petroli na kitambaa safi, vinginevyo pedi zinainywa na hazitashika vizuri tena. Nilizisafisha kama ninavyosafisha vyombo vya zahanati, mbele, nyuma, ukingoni, kisha tena. Nilikuwa naona mikono ikifanya kazi. Sikuwa nafikiria kitu. Fundi alipofunga kila kitu, tuliliendesha gari kwenye tambarare ya kuelekea Mwatate, nikawa napunguza mwendo taratibu, naachia, napunguza tena, bila kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane. Kazi hiyo usiiharakishe.

Jumamosi asubuhi shemeji aliingia kwenye gari nyumbani Wundanyi, nilikokuwa nimelipandisha jana yake. Mama mkwe alisimama mlangoni na watoto. Hakupunga mkono. Kulikuwa na ukungu mzito, na kona ya kwanza ilitoka ndani yake kama kawaida. Nikakanyaga. Zikashika, zikiwa baridi vile vile.

"Weka fri, toa gia," shemeji akasema. "Petroli ni shida siku hizi. Sisi sote tunateremka na fri."

"Hapana, shemeji. Gia ya pili. Injini ishike, breki zisaidie tu."

"Unataka tufike kesho?"

"Nataka tufike."

Nilikuwa nakanyaga kwa nguvu kabla ya kona, kisha naachia kabisa ili diski zipate upepo. Katikati ya mlima, nyuma ya kona, lori la kabichi lilikuwa limekwama barabarani, na mwenye lori amelala chini yake na miguu nje. Nilikanyaga mpaka mwisho. Gari likasimama likiwa limenyooka, halikuvuta kulia wala kushoto, na kati yetu na ile miguu kulikuwa na nafasi ya kutosha.

Nikamtazama shemeji. Mkono wake mmoja ulikuwa umepanda, umefika karibu na dashibodi. Akaupeleka juu zaidi, akavua kofia.

"Nilikuwa najikuna kichwa," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

Tulifika Mwatate jua limeshatoka. Nilisimama mahali penye mteremko mdogo karibu na maduka. Kulikuwa na harufu ya pedi mpya zilizopata moto. Shemeji hakushuka mara moja. Aliishika kofia magotini.

"Mdogo wangu alikuwa anazipasha moto kila asubuhi, sivyo? Zile zangu."

"Ndiyo."

"Hakuniambia hata siku moja."

"Alizipenda kwa sababu ulimpa wewe," nikasema. Ilikuwa kweli. Nilingoja nihisi kitu baada ya kuisema, na hakikuja mara moja, kisha kikaja kidogo tu, kama mguu unaoanza kuamka baada ya kukaliwa.

"Gari ni lako," akasema. "Panda nalo jioni ukalale na watoto." Kisha akaona mguu wangu, na sauti yake ikawa ya dereva. "Bado umekanyaga! Toa mguu. Diski zina moto, ukizibana hivyo pedi zitachoma alama mahali pamoja, na breki zitakuwa zinatetemeka." Akashuka, akatafuta jiwe kando ya barabara, akaliingiza mbele ya gurudumu kwa kiatu chake.

Kwa hivyo nawe, ukimaliza kuteremka mlima mrefu ukasimama, vuta breki ya mkono, weka jiwe mbele ya gurudumu, toa mguu kwenye breki, na ungoje diski zipoe ndipo uondoke.