Ng'ombe wa Mwisho wa Bhoke

Moyo wangu haujakubali. Hata sasa naandika huku nasubiri Bhoke aingie kwenye comments anikosoe. Jana tumemzika kwao Mbalibali.

Kwa mnaoifuatilia katuni yetu ya Mzee Kisiri, yule mzee mbishi wa Jumamosi jioni: mimi ndiye mchoraji. Script zote aliandika Bhoke, na siku za kazi alifundisha hesabu sekondari. Homa ya siku chache tu, jamani.

Sasa naweza kuwaambia siri yake. Kila episode aliweka hesabu ndani, na wengi wenu mlicheka bila kuiona.

Ilianzia kwenye episode ya kwanza. Mimi mtoto wa Tarime mjini, nikawaandika ng'ombe wa Mzee Kisiri namba ubavuni. Tukamwonyesha baba yake Bhoke kwenye simu. Mzee akanuna.

"Nani amekutuma kuhesabu ng'ombe wa mtu?"

Kumbe mfugaji hahesabiwi mifugo. Anaijua kwa rangi, na ukimuuliza wako wangapi anakujibu, "Wapo."

Bhoke alicheka mpaka akakaa chini. "Mura," alivyozoea kuniita kwa Kikurya, "basi tuzifiche." Toka siku hiyo namba hazikutajwa tena. Ziliingia kwenye makundi ya ng'ombe, kwenye mistari ya shuka, kwenye nguzo za zizi.

Wanafunzi wake walizitafuta kama karanga zilizomwagika. Nikikosea nguzo moja, wananiumbua humu humu.

Ndiyo maana tangu juzi silali vizuri. Ya Jumamosi hii alikuwa ameshaiandika: Mzee Kisiri anapeleka ng'ombe wa mahari ya kijana wake. Baba yake Bhoke hayumo Facebook, kwa hiyo nataja. Ni ishirini na nane.

Alinieleza mara nyingi, kichwa changu kigumu. Namba ndogo zinazoigawanya bila kubakiza kitu ni moja, mbili, nne, saba na kumi na nne. Zijumlishe, unarudi kwenye ishirini na nane ileile. "Imejitosheleza," alisema. "Ukitoa mmoja tu, umeiharibu."

Kila ng'ombe nilimchora kutoka kwenye picha alizopiga zizini kwa baba yake. Voice note yake ya mwisho sauti imekauka: "Mura, wa mwisho usimchore mpaka nije. Picha yake nitakuletea."

Hakuja. Nikabaki na ng'ombe ishirini na saba na deadline ya leo. Nikibuni rangi, naona kama namdanganya. Nikiacha pengo, wanafunzi wake watahesabu na kudhani mwalimu wao ameondoka na kosa.

Jana baada ya mazishi nikamfuata baba yake.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba."

Nikampa simu. Sikutaja namba wala shida yangu. Akaliangalia kundi taratibu, bila kumnyooshea kidole ng'ombe hata mmoja.

"Mmoja hayupo," akasema. "Yule mwekundu, ana baka jeupe usoni. Ni wa Bhoke. Nilimpa alipopata ajira."

Nililia mbele yake, na yeye akaniacha nilie.

Mgeni mmoja aliyekuja kutoa pole akamuuliza Mungu amembakizia watoto wangapi.

"Wapo," mzee akasema, akanirudishia simu.

Nimemchora asubuhi hii. Baka limeenda upande kidogo. Nimetuma hivyohivyo. Bado naogopa, maana sijui Jumamosi zinazokuja nani atanikagua.

Wanafunzi wa Bhoke, mkiangalia Jumamosi hesabuni kimoyomoyo. Mzee naye atakuwa anaangalia.

Pumzika, Bhoke. Lala bila wasiwasi, wasiwasi niachie mimi. Kundi limetimia, ni wewe tu hupo.