Rambirambi za Madam

Miaka ile wanawake walikuwa hawajaruhusiwa kuendesha gari Riyadh, nami nilikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mjapani. Bosi alishinda kazini, kwa hiyo abiria wangu hasa alikuwa mkewe, mama wa makamo asiyependa kukaa kimya. Foleni ya barabara ya Olaya ikitukwamisha, ananifundisha Kijapani kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

Neno la pesa nilikuwa nimelidaka kwa bosi akifoka kwenye simu. Siku moja nikamwambia madam, kwa majivuno, kwamba kane ya mafuta imeisha. Alicheka hadi akafunika mdomo.

"Hilo ni la wanaume wakikasirika. Wewe sema okane. Ile o ni heshima."

Akanifundisha na otsuri, chenji unayorudishiwa dukani.

Kisha mama yangu akafariki, kwetu Taita. Pasipoti ilikuwa kwa kafili, mdhamini wangu wa kazi, na ruhusa ya kusafiri isingetoka kabla ya mazishi. Asubuhi niliwasha gari kama kawaida. Madam akaniona kwenye kioo, akauliza nina nini. Nikamwambia.

Alirudi ndani ya nyumba, akatoka na bahasha nyeupe, akanikabidhi kwa mikono miwili huku ameinama.

"Koden," akasema.

Chumbani niliikuta imejaa noti kuukuu, zenye mikunjo. Siku zote alinipa noti mpya. Nikaumia: kwenye msiba ndipo anipe kuukuu? Kesho yake nikashindwa kunyamaza.

"Madam, koden ni okane? Mbona noti zote kuukuu?"

"Hapana. Ni ya kumlilia marehemu. Bahasha ya harusi tunaitafutia noti mpya. Ya msiba huwa kuukuu. Mpya zingeonyesha tulijiandaa, tukingoja mtu afe."

Nikaona haya. "Kwetu tunaziita rambirambi," nikamwambia. Akalirudia neno polepole mpaka likakaa sawa.

Nilizituma nyumbani zote. Siku ya mazishi nilikuwa nimeegesha nje ya duka, nikimsubiri madam. Kaka yangu, kule mazishini, akanishikia simu karibu na kipaza sauti. Nikamsikia mchungaji: "Na rambirambi za mama mmoja Mjapani, anayeishi na mtoto wetu huko ugenini." Watu wakaguna kwa shukrani. Nikalaza kichwa juu ya usukani, nikalia.

Nilipoinua kichwa, madam alikuwa nje ya gari. Hakugonga kioo. Alisimama juani na mifuko yake, amenigeuzia mgongo, mpaka nilipojifuta uso na kumfungulia mlango.